Hapa Hakuna Ubao

Jina lake lilikuwa Ilze,
jina lisilo na mahali pa kuvuta pumzi,
tukalipachika irabu, likapumua: Ilize.
Alitoka Latvia. Mwalimu wa jiografia
aliizungusha tufe mara mbili kabla ya kuiona.

Kwao hawachezi netiboli.
Kwao ni kikapu, na mpira hudundishwa
kama mtu anayetembea na mbuzi wake mtiifu.
Mimi nilikuwa senta, nikamweleza kwa mikono:
ukidaka, simama. Mguu mmoja uwe mti.
Sekunde tatu, kisha uuache uende.
Akaitikia "ndiyo", neno lake pekee wiki ile,
akadaka, akadundisha mara nne hadi golini,
na kuku wa mpishi wakatawanyika.

Hakupangwa. Hilo lieleweke.
Mfungaji wetu alikuwa Sechelela Malogo,
ila uwele wa baba yake uliwahi kukomaa,
kwelea kwelea wakashuka kama wamealikwa,
akaitwa nyumbani kuamia ndege.
Mwalimu Ndahani akatazama benchi,
kisha akatazama juu,
mita moja na themanini na mbili za Ilize,
akamrushia fulana yenye herufi GS
kama anayelipa deni asilolikubali.

Tulikwenda Kongwa juu ya lori la mahindi,
kumi na wawili juu ya magunia, mwezi wa sita,
na upepo ule wa Ugogo unaokata masikio
kisha ukaingia mfukoni kuhesabu chenji.
Mchana alikula mlenda wetu bila kuuliza,
ukamning'inia kidevuni kama uzi,
akacheka peke yake, nasi tukamfuata.

Uwanja: mistari ya majivu ya jikoni,
pete mbili za nondo zilizochomelewa gereji.
Akasimama chini ya goli, akainua shingo,
akaniuliza:
"Ubao... wapi?"
Nikamwambia, hapa hakuna ubao.
Ni pete, na upepo.

Refa alimpulizia mara saba kwa kudundisha.
Watu wa Mlali walihesabu kwa sauti: tano! sita!
Ya saba hata wauza karanga walijiunga.
Alirusha akiulenga ubao ambao haukuwepo,
mpira ukapita juu ya pete, ukaenda kwa mbuzi.
Akarusha tena. Tena kwa mbuzi.
Nilimchukia, nisiseme uongo,
kwa dakika kama tisa.

Robo ya mwisho nilimwona ameinama.
Akachota vumbi, akaliachia kati ya vidole,
akalitazama linakoelekea.
Hakuna aliyemfundisha.
Ndivyo mama apimavyo upepo
kabla hajaanza kupepeta.
Akalenga kando, kando kabisa,
mahali pasipo na kitu,
na upepo ukaubeba mpira, ukautia ndani.

Matatu aliyafunga hivyo.
Tulifungwa kumi na tisa kwa kumi na nne,
sitaki mtu asimulie vingine.

Aliondoka Agosti. Aliacha raba zake,
namba arobaini na mbili,
ambazo shule nzima hazikumtosha mtu
isipokuwa mlinzi, anayezivaa Jumapili.
Barua yake moja ilifika, imeandikwa
kwamba kwao theluji nayo ina upepo,
na kwamba sasa kocha wake anamgombeza:
akidaka, anasimama.

Mwaka huu, Kongwa tena, tukiongoza kwa manne,
Sechelela amerudi na hakosi,
nilidaka mpira katikati ya majivu,
nikasimama, mguu mmoja mti.
Kisha nikaudundisha.
Mara mbili, polepole.
Refa akapuliza. Mwalimu akashika kichwa.
Hakuna aliyejua nilikuwa namsalimu nani.