Kibao cha Kajificheni

Aliniita kwa rangi, si kwa dini.
"Jina limekwisha," alisema Kusumben,
"chumvi imelila kuanzia juu."
Nikaegemeza ngazi mlangoni pake, Kajificheni,
kopo la nyekundu mkononi, tambara begani,
mie Mize Khatibu, mwandika vibao.
Nimeandika Kinyozi, nimeandika Usikojoe Hapa,
sijapata kuandika Mungu wa jirani.

Herufi zao zimeanikwa kambani.
Zetu hukaa chini; hizi zaning'inia
kama kanga mbichi juu ya paa.
"Za Kigujarati hazina kamba," akasema,
"zile za daftari la duka: sukari, madeni.
Hili Kisanskriti. Usiliangushe."

"Linasemaje?"
"Soma."
"Sijui kusoma haya."
"Soma!"
"Nakwambia sijui, shoga!"
Akacheka mpaka akashika mwimo wa mlango.
Kumbe ndilo neno lenyewe.
Soma, kwao, ni mwezi.

Na nusu ya pili, hii nath?
Akafungua mdomo, akaufumba.
Bwana? Ndiyo, ila si bwana wa kukupigia kelele.
Mlinzi? Mlinzi hulala.
Akalitafuta Kiswahili chake kwenye pindo la sari,
halikuwemo,
akanionyesha mtaa kwa kidevu:
"Yule unayekwenda kujificha kwake."

Miaka thelathini napita Kajificheni
na vikapu, na mimba, na majeneza yakinitangulia,
sijasikia mtaa ukiniambia kitu.

Akanihadithia huku napaka.
Mwezi alioa wake ishirini na saba,
nyota watupu, mtu na dada zake,
akawa analala kwa mmoja tu, Rohini.
(Nikashusha brashi: huyo namjua, anakaa Michenzani.)
Mkwe akamlaani: konda.
Akakonda usiku kwa usiku, akabaki ukucha,
kisha hata ukucha ukadondoka.
Akaenda pwani, pwani ile ile
alikotoka babu yake Kusumben na mizani ya shaba,
akaoga, akalia.
Laana haikufutwa yote.
Aliambiwa: utapungua, lakini utarudi.
Na aliyemhurumia akaitwa kwa mgonjwa wake,
Somnath, kimbilio la mwezi,
kama Mama Siti tunavyomwita kwa Siti
na jina lake mwenyewe hatulijui.

Nikamaliza. Akarudi nyuma, akakunja jicho.
"Umeandika sa. Sa si kitu.
Kuna unyoya pale juu ya kamba, umeusahau."
Kweli. Kijimkunjo chembamba, mgongo umepinda,
kidogo kuliko vyote kwenye ubao,
na bila hicho mwezi haumo.

Ilikuwa Shaabani ishirini na tisa.
Watu washapanda mapaani, redio zote zimefunguliwa,
mtoto kachutama juu ya tangi la maji
anaapa kauona, anazomewa.
Nami juu ya ngazi, uso magharibi,
brashi yangu inadondoka.

"Umeonekana?" akauliza Kusumben kutoka chini.
"Bado."
"Basi ameenda kuoga."

Akaingia ndani, akakawia,
akatoka na elfu kumi na tano katika ishirini.
"Tano," akasema,
"mwezi ukiandama."