Filamu Niliyokuazima

Swafiya, uliniomba kitu cha kutazama usiku
nami, kwa ujinga wa mwenye kupenda, nikakupa ile.

Ningekupa ya majambazi. Ungeinywa kama chai ya rangi,
kesho ungenirudishia kikombe: "Nzuri."
Hii haina bunduki. Haina harusi.
Ni fundi wa miavuli, mji wa mvua, sijui nchi gani,
na mkewe aliyeacha kusema naye.
Dakika saba anapiga pasi shati moja,
redio ya jirani ikisoma bei ya chumvi.
Ukiniuliza inahusu nini, nitakwambia: shati.

Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Jumatano alasiri,
onyesho la wanawake, sinema ya Jafferbhai huko Kuze,
tumejaa na watoto, na visheti, na bisi ndani ya mabuibui.
Bandarini walikosea mkebe:
tuliahidiwa nyimbo na milima ya theluji,
akatokea mtu na mwavuli uliovunjika mbavu.
"Ngoma iko wapi?" akapaza sauti Bi Mwanamkuu wa Kibokoni.
Maganda ya njugu yakaruka kwenye pazia.
Nusu ya ukumbi wakafungua vyakula. Mimi nimeganda.
Na pale mke alipofungua kinywa, hatimaye, aseme,
umeme ukakatika.

Jafferbhai akarudisha nusu ya kiingilio.
Nikarudi Makadara bila mwisho,
na kwa miaka kumi na moja nikawa namtungia mke yule maneno:
nikichuja tui, "Nimekusamehe";
nikianua nguo, "Toka kwangu";
siku aliyozikwa baba, sikumpa neno lolote.

Hata nikaipata diski, meza ya muuza chaja pale Mwembe Tayari,
chini ya mawaidha na kandanda.
Nikaitia mashineni, mlango nimefunga.
Mke akafungua kinywa, akasema:
"Shati linaungua."
Nililia mpaka jirani akagonga ukuta.

Tangu hapo siwezi kunyamaza.
Wasemao kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
hawajaniona mimi na kizuri changu, miaka ishirini
nakitembeza kama muuza kahawa, nagonga vikombe.
Nilimpa Tsuma wa forodhani: akalala,
akarudisha diski na doa la samli, akasema ina kiza.
Shemeji Hamadi aliuliza yule bwana ana kesi gani.
Nilimsimulia daktari wa meno, ganzi mdomoni,
akadhani naumwa, akaniongeza sindano.
Na mmoja aliyetaka kunioa
aliisifu sana, akasema imemtoa machozi.
Diski ilikuwa bado mkobani mwangu.

Sasa ni saa nne na nusu. Niko juu yako, ghorofa ya pili,
nimezima feni, jasho lanitiririka, nipate kukusikia.
Umecheka? Au ni kiti?
Hapo umefika kwenye pasi. Usiende jikoni, mwanangu, usiende.
Nasikia bomba. Umekwenda jikoni.
Haya. Kipendacho roho hula nyama mbichi, sawa,
lakini nani alinituma niwalishe majirani?

Simu ikalia. Ujumbe wako, mfupi:
"Mbona redio inazimwa kabla bei haijatajwa?
Nani kaizima?"

Mara kumi na nne nimeitazama.
Nimesikiliza pasi, nimesikiliza mvua,
nimesikiliza kinywa cha mke kabla hakijafunguka.
Bei ya chumvi nilijua imesomwa. Ningeapa.

Na diski iko kwako.
Usibonyeze kitu, Swafiya. Isimamishe hapo hapo.
Natafuta miwani, najitanda leso,
nateremka.