Robo ya Sekunde

Baba alipima miwa kule Miwani miaka ishirini na sita,
akiijua kwa jicho tu trela iliyofichwa mawe chini ya mzigo.
Sasa uso wake umefungwa kama kiwanda kile:
lango lipo, mlinzi yupo, moshi hakuna.
Daktari alisema, "Ugonjwa umekaza misuli. Mtu yumo."
Mimi nikasikia: hayumo.
Nikaacha kumsimulia mambo. Nikawa namlisha tu,
kijiko, kijiko, kama anayejaza fomu.

Jumamosi akaja Awino, binti wa jirani hapa Migosi,
na kamera, na kipakatalishi chenye bawaba ya plasta.
"Hii programu inakuza kile jicho linachokiruka.
Wewe mwongeleshe."
Nimwambie nini? Nikasema omena imepanda bei,
mvua imekawia, bomba la jikoni linavuja,
mjukuu wako Otiende kafunga goli.
Uso: ukuta.

Awino akairudisha picha nyuma,
robo ya sekunde ikavutika kama utomvu.
Na pale, kwenye neno "goli",
pembe ya mdomo, kushoto, ikainuka.
Si tabasamu. Ni mlango unaosukumwa kwa bega
na mtu aliyejaza mikono.
Nikashika meza.
Miezi kumi na minne alikuwa akinijibu.

Ningeishia hapo, ingekuwa hadithi njema.
Lakini kamera ilinichukua nami, ubavuni,
na mashine haijui kupendelea:
ikanikuzia pua ilivyojikunja nilipomfuta mate,
jicho lilivyokimbilia saa ya ukutani,
mambo ambayo ningeapa sikuyafanya.
Na yeye, karani wa mizani,
asiyehitaji programu kujua uzito uliofichwa,
aliyasoma hayo mara tatu kwa siku
pamoja na uji,
akameza.

"Nifute?" Awino akauliza.
Acha, nikamwambia.

Jioni niligeuza saa ikatazama ukuta.
Nikavuta kigoda hadi macho yetu yakalingana.
"Baba, lile goli la Otiende,
alilipiga kwa mguu wa kushoto, ule ule
uliosema ni wa kukanyagia matope tu…"

Nikangoja.
Sikuona kitu.
Nikangoja.