Kikombe Kilichooshwa

Gethin, msoma miamba wa Welisi,
hakubali neno lisilo na lebo.
Kila jiwe kabatini mwake
lina tarehe, lina namba, lina jina la kilima.

Dada yake arudi kanisani, koti limelowa.
Amwuliza tena: "Ushahidi wako uko wapi?"

Eluned atundika koti.
"Asubuhi ulikunywa chai?"
"Nilikunywa."
"Nionyeshe."
Kikombe kimeoshwa, kimefutwa, kimerejea msumarini;
majani yamekwenda na maji ya karai.
"Nakumbuka," asema Gethin. "Basi."
"Basi," asema Eluned.

Mvua yagonga vigae.
Gethin asugua kidole mezani, kisha, polepole:
"Chai nikiikosea, hakuna aliyeipigia magoti.
Wewe ulimwombea Iolo usiku kumi na saba."

Eluned hajibu. Aosha viazi.
Kwa muda mrefu aosha kiazi kimoja.

"Sina jiwe la kukupa," asema mwisho.
"Siku ya kumzika nilinyamaziwa,
na nikamjua aliyeninyamazia.
Hilo nalo libandikie lebo,
ukipata kalamu."