Pembe Butu

Kidole chake cha shahada hakinyooki.
Kilivunjika Oktoba moja, chuoni, kule Fargo,
kikaunga kilivyotaka chenyewe,
na Mwalimu Selmer Tvedt hukiinua mbele ya darasa:
"Nyuzi ngapi?"
Mia na arobaini, tulijibu. Pembe butu.
Ndivyo tulivyosoma jiometri Halvorsby,
maghala mawili ya ngano, kanisa moja la Kilutheri,
na upepo usiojua kukaa kitako.

Miaka minne alivaa jezi sitini na saba
wala hakuupeleka mpira popote.
Alikuwa mtu wa mstari wa mbele:
kusukuma, kusukumwa,
kufungua upenyo wa sekunde mbili
mwenzake apite, atajwe gazetini.
Mara moja tu ulimponyoka mtu, ukamfuata yeye,
yai lile la ngozi, linadundadunda hovyo.
Aliulalia. Watu saba wakamlalia yeye.
"Mbavu zilizungumza," alituambia,
"lakini kuku aliyeatamia haondolewi na kelele."
Mchezo walishindwa. Hilo halisemi
mpaka umuulize.

Mimi sikucheza. Nilibeba chupa za maji,
nilichora uwanja kwa chokaa,
na mstari wa yadi thelathini ukipinda
angekuja akiburuta goti, autazame:
"Hata ya ubaoni hupinda. Futa. Anza."

Msimu ule Rylan Oberholt, miguu ya mji mzima,
alifeli hesabu za sehemu.
Tvedt akamweka benchi.
Arobaini na moja kwa sita, tulifungwa,
na Jumatatu gari la mwalimu lilikuwa limepigwa mayai,
yameganda kwa baridi.
Aliyakwangua kwa rula ya darasani,
akaingia, akailaza mezani, ina ute bado.
"Trei ya mayai kumi na mawili. Manane yamelenga.
Ni sehemu gani? Rylan?"
Kimya.
"Theluthi mbili."
Jibu alilijua. Alijua pia
ni nani nyumbani kwao aliyenunua trei.

Siku hizi naendesha greda la theluji la kaunti.
Kumi na mbili kasorobo, giza bado,
dirisha la chumba namba nne lina taa:
mgongo mpana umeinamia daftari la mtoto wa mtu.
Nyuzi ishirini chini ya sifuri.
Napunguza mwendo.
Njia ya lango lake naipitia mara mbili,
ingawa kaunti hunilipa moja.