Kilo Kumi na Tano

Kilo kumi na tano, abiria, si zaidi.
Miaka tisa nimelisema neno hilo
hapa uwanja wa ndege wa Malindi, kaunta ya pili,
chini ya feni inayozunguka inapotaka yenyewe.
Nimepima masanduku ya Waitaliano,
mafurushi ya maharusi,
halua kilo nne iliyofungwa kwa leso kuukuu,
na tenga la kaa wakikwaruza kwa ndani,
waendao hoteli za Nairobi bila tiketi ya kurudi.

Ndege ndogo hutaka kujua kila kitu.
Hata watu nimewapima.
"Samahani baba, panda hapa."
Nimeona wanaume wazima wakibana pumzi
kama kwamba pumzi ndiyo iliyozidi.

Jumatatu meneja alishuka kutoka makao makuu.
Hakuwa na mzigo, mkoba mwembamba tu.
Alisimama ghalani, kati ya matoroli,
akasema kampuni inapunguza uzito.
Ndege tano zitabaki mbili.
Mafuta yamepanda, wageni wameshuka:
kwa sauti yake ungedhani ni bembea ya watoto.
Changawa, asiyejua kunyamaza, akauliza,
"Na sisi je, tu kilo ngapi?"
Tukacheka. Meneja naye akacheka,
kisha akaandika kitu.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Siku ile nilimwona aliyelibeba kanda hilo:
shati lake halikuwa na tone la jasho.

Sasa ile ndege yenye mstari wa kijani
imefungwa turubai machoni,
iko mwisho wa lami, karibu na ua wa michongoma.
Shomoro wamehamia injini ya kushoto.
Famau hupita pale kila asubuhi na vibao vyake,
huinyooshea mikono: njoo, njoo, kata kulia, simama.
Anasema asipofanya hivyo mabega yatasahau.
Ana mtoto kidato cha tatu,
na mwingine hajazaliwa.
Mimi nina mkopo wa chama, kodi ya chumba Maweni,
na mama yangu kule Ganda
anayeamini ni mimi niziambiaye ndege ziruke.
Ikipita moja juu ya mihogo yake
huinua jembe na kunisalimu.
Wiki hii, aliniambia kwa simu,
mkono umepumzika sana. Mna sikukuu?
Nikasema ndiyo.

Alhamisi zikaja bahasha.
Kumi na moja, zote za kaki, unene sawa,
mwenye kubaki na mwenye kwenda.
Kafedha aliifungulia yake chooni,
akarudi uso umeoshwa, nywele za mbele zikidondoka maji,
akaanza kupanga vibandiko vya mizigo
ambavyo tayari vilikuwa vimepangwa.
Hatukumuuliza.

Yangu sijaifungua.
Niliiweka juu ya mizani, mchana, hakuna mtu.
Sufuri.
Nikaibonyeza kidogo kwa kidole. Sufuri.
Chombo hiki hakihesabu chini ya nusu kilo.
Kumbe kuna vitu vingi vimenipita hapa
nikaviita si kitu.

Saa tisa na dakika arubaini ikaingia ndege ya mwisho.
Abiria saba, viti kumi na tisa.
Akaja bibi mmoja wa Mambrui
na begi lililoshonwa mara mbili pembeni:
nazi, mahamri, viatu vya shule,
na kitu kizito alichokataa kukitaja.
Alikuwa ameshaanza kufungua kibindo
akitafuta pesa za kilo za ziada,
noti ya hamsini, noti ya mia iliyokunjwa kama hirizi.

Mizani ilisema kumi na saba na nusu.
Bahasha ilikuwa mfukoni, kona yake ikinichoma ubavu.
Nikatazama zile namba nyekundu,
nikamtazama yeye.

"Funga kibindo, bibi," nikasema.
"Ni kumi na tano kamili. Pita."