Wati za Kwenye Boksi

Kijana wa dukani, pale Masasi karibu na stendi,
akanisogezea boksi lenye picha ya moto:
"Mama, hii wati elfu mbili. Mzee atafurahi."
Mzee yupi? Nimekuja na pesa yangu,
malipo ya pili ya korosho, bado yana mkunjo wa benki,
na gunia tupu la kubebea.

Nikaliinua boksi kwa mkono mmoja.
Jepesi, kama la biskuti zilizokwisha.

Mimi nasaga unga Newala, mwaka wa kumi na moja.
Mashine naijua kwa nyayo kabla ya masikio.
Mota ndogo ukiibebesha mahindi yenye unyevu
haisemi siwezi, inapiga kelele.
Kunguruma ni kwa mwenye akiba,
aliyebeba mzigo na bado ana pumzi.
Hicho ndicho nimefuata, nikamwambia,
nyinyi mnakiita besi.

Akacheka. Lakini akamwita fundi Nandonde
kutoka nyuma ya pazia, miwani imefungwa kwa uzi.
Huyu hakunisomea boksi.
Spika zako omu ngapi? Nane.
Chumba kina dari? Hakina, bati tupu.
Unasikiliza nini? Dansi la zamani.
Akasogeza kwa goti moja ya mkono wa pili,
nyeusi, imechubuka, kitufe kimoja hakipo.
"Hii imeandikwa hamsini, na ni hamsini kweli.
Inua."
Nikainua. Kiuno kikajibu.
Transfoma peke yake ina uzito
wa mtoto wa mwaka aliyelala.

Nikalipa. Kuomba nipunguziwe niliomba kwa desturi tu.

Newala usiku, ukungu umekaa mlangoni,
Somoe, mpangaji wangu, ananishikia tochi.
Nikaunganisha, nikawasha.
Taa ya sebuleni ikasinzia kidogo, ikaamka.
Gitaa la besi likaja lile lile,
jembamba, kama linapiga simu kutoka Tunduru.
Nikakaa chini. Laki mbili na thelathini.
Somoe akatazama pembeni, kwa adabu.

Saa nne hivi nikapita nyuma ya spika ya kushoto
nikaona: waya mwekundu kwenye tundu jeusi,
mweusi kwenye jekundu.
Miaka sita, tangu shemeji Mchopa azifunge
akiwa na haraka ya mpira.
Miaka sita hii inasukuma, mwenzake inavuta,
na kila besi iliyozaliwa
ikafia katikati ya chumba, juu ya mkeka.

Nikazigeuza nyaya. Mbili tu, kwa meno na kisu.

Ikaja.
Haikupitia masikioni. Ilipita sakafuni,
ikapanda mguu wa kochi,
vikombe kabatini vikasogeleana,
bati likanong'ona kwenye msumari uliolegea.
Nikafumba macho: mashine yangu, saa moja asubuhi,
imeshiba mahindi makavu.

Sasa hili Somoe ameapa kulificha.
Kesho yake niliirudisha ile amplifaya ya zamani,
kujaribu tu, nyaya zikiwa sawa.
Ikanguruma.
Si kama hii. Lakini ikanguruma.

Nimeifunika kitambaa, iko chini ya meza.
Shemeji akija, akatikisa kichwa, akasema
"Hapo umechagua kweli,"
namkaribisha chai
na namkalisha upande wa kushoto.